Anemoni Wangu Ndani ya Sanduku la Nyama

Kuna watu pale Dagoretti Market ambao hadi leo wakiniona wananiuliza, kwa uso wa huruma kabisa, kama mgonjwa wangu aliacha kutapika, na mimi huwajibu kwamba anaendelea vizuri, asanteni kwa kuuliza, kisha naongeza mwendo, kwa sababu nikisimama itabidi nieleze mambo yote, na nimeamua kuyaeleza mara moja tu, hapa, kwenu, ili yaishe. Aibu niliyoipata siku hiyo sikuipata hata ile Jumapili niliyosoma somo la Jumapili nyingine mbele ya kanisa zima (na nililisoma hadi mwisho, kwa sauti nzuri).

Mimi ni mtu wa kufanya mambo sawasawa. Sijisifu, ni kama ugonjwa. Nikifua soksi nazianika kwa kufuata rangi, na nikituma ujumbe narudi kuusoma nikitafuta kosa ambalo siwezi tena kulirekebisha. Sasa mfikirie mtu kama huyo ameanza kufuga viumbe vya baharini ndani ya chumba kimoja cha kupanga, katika mji usio na bahari, akijifunza kila kitu peke yake kwenye simu. Tanki langu la kioo liko kati ya kitanda na jiko. Maji yake nayachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu, nayapima asubuhi, nayapima jioni, na nikiwa na wasiwasi nayapima pia katikati, yaani kila siku nayapima katikati. Ndani kuna mawe, samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na mwenye nyumba, ambaye ni anemoni.

Kama hujawahi kumwona anemoni, fikiria ua lililoamua kuwa mnyama. Ana mguu mmoja mpana wa kung'ang'ania jiwe, mdomo katikati, na vidole vingi laini vinavyopepea majini, na wale samaki wangu hulala humo kama watoto kwenye blanketi. Huyu wangu nilipewa na Auntie Nilu, mwalimu mstaafu wa hesabu anayeishi Parklands, ambaye tulijuana kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji wa samaki. Alikuwa na anemoni mkubwa, akagawanyika wawili kama wanavyofanya, nusu moja akanipa mimi. Halafu umeme ukapotea mtaani kwao, nusu yake ikafa. Kwa hiyo wangu ndiye pekee aliyebaki wa ukoo ule ambao marehemu mume wa Auntie alianza kuutunza kabla mimi sijazaliwa. Auntie hamwiti anemoni. Huuliza tu, "Yeye hajambo?"

Basi Auntie akasema Jumapili atakuja kwangu kumwona, kwa mara ya kwanza.

Nilisafisha chumba. Nilisafisha na vitu ambavyo havisafishwi, kama sehemu ya nyuma ya mlango. Ijumaa jioni nikakaa mbele ya tanki nikaangalia kwa macho ya Auntie, na nikaiona sponji. Hii sponji, ili mnielewe, ni kifuniko kidogo laini nilichouvisha mdomo wa pampu inayozungusha maji. Pampu yenyewe niliinunua River Road kwa mtu anayeuza pia mabomba ya choo na kengele za mlango, nayo huvuta kwa nguvu, kwa hiyo sponji iko pale ili isivute kiumbe. Ilikuwa imeota kijani. Sikuweza kuvumilia. Nikaivua, nikaiosha, nikailoweka, nikaianika dirishani ikauke vizuri, na pampu nikaiacha ikizunguka bila kitu mdomoni, kwa sababu nilijua maji yakisimama samaki watakosa hewa. Anemoni alikuwa upande wa pili wa tanki. Kilichonitoka akilini ni kwamba anemoni hutembea.

Jumamosi asubuhi niliamka nikasikia pampu inakoroma kama mtu mwenye kitu kooni.

Sitaeleza sana. Nilizima, nikamtoa polepole, na ukingo wa mguu wake ulikuwa umechanika, kipande kinaning'inia kama mfuko wa suruali uliofumuka. Akajikunja hadi akabaki kama ngumi ya mtoto, kijivu, mdomo wazi. Nikaingia kwenye simu. Nusu ya watu waliandika kwamba anemoni aliyeumia aachwe, anajiponya. Nusu nyingine waliandika kwamba akifa ndani ya tanki anaoza upesi na kuwaua wote walio humo. Mtu wa kawaida angesoma ushauri mmoja akanywa chai. Mimi niliusoma wote. Nikampigia Auntie, hakushika (Jumamosi asubuhi huwa hekaluni na simu huiacha ndani ya mkoba), nikapiga tena, nikapiga tena, kisha nikakumbuka kwamba nyumbani kwake ana tanki la pili, tupu, lenye maji mazuri ya zamani, ambalo huliita wadi. Nikaamua kumpeleka wadi.

Nilikuwa na ndoo. Nataka mjue kwamba nilikuwa na ndoo, yenye mfuniko. Lakini ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Dagoretti mnaijua, na ndoo haishiki joto, na mimi nilitaka maji yafike Parklands yakiwa na joto lile lile yalilotoka nalo. Ndipo nikawaza sanduku la Baba Ciru.

Baba Ciru ana bucha chini ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, na ana sanduku jeupe la kufungwa nyuma ya pikipiki, kuta nene, limeandikwa NYAMA kwa rangi nyekundu pande zote. Ndicho kitu kisafi kuliko vyote katika ploti yetu. Nilimkuta akinoa kisu.

"Baba Ciru, naomba uniazime sanduku."

"La nini?"

"Nina samaki mgonjwa. Nampeleka Parklands."

(Nilisema samaki kwa sababu anemoni anahitaji maelezo marefu.)

Akaacha kunoa. "Samaki mgonjwa."

"Ndiyo."

"Na mafuta ya kukaangia hauna?"

"Baba Ciru, tafadhali."

"Chukua. Lakini rudi nayo mapema, niko na oda ya ruracio, watu wanapeleka mahari leo. Na isininukie samaki!"

Nikamweka anemoni na maji yake ndani ya mkebe wa aiskrimu, mkebe nikauzungushia shali, pembeni nikaweka chupa ya maji moto na kipimajoto, nikafunga sanduku. Lilikuwa jambo zuri sana kuliangalia. Nikamwita Brayo wa bodaboda ambaye hunibeba kila mara.

"Siz, leo umekuwa mbuchari?" akaniuliza.

"Si nyama."

"Imeandikwa nyama."

"Brayo, twende polepole sana. Maji yasitikisike."

Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, kwa sababu Nairobi hakuna bodaboda inayokwenda polepole, na ya kubeba nyama ndiyo kabisa, hukimbia kama imeiba. Sisi tulikuja pale karibu na soko kwa mwendo wa msiba, mimi nimegeuka nyuma nimelikumbatia sanduku na kuongea nalo. Na asubuhi hiyo maafisa wa afya walikuwa wamesimama barabarani wakikagua nyama zinazotoka machinjioni.

Afisa aliyetusimamisha alikuwa mama mrefu mwenye koti jeupe na gambuti. Akaanza na Brayo.

"Koti yako iko wapi?"

"Koti gani madam?"

"Koti nyeupe. Unabebaje nyama bila koti?"

"Mimi hubeba watu, madam."

"Na hiyo sanduku imeandikwa watu?"

Brayo akanigeukia. Nikashuka, nikamsalimia afisa vizuri, nikamwambia si nyama. Akasema nifungue. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba ningeomba tusifungue hapo, mwanga mkali utamshtua.

"Utamshtua nani?"

Kulikuwa na watu wengi pale, wachinjaji, wachuuzi wa matumbo, wanunuzi wenye mifuko, kila mtu na shughuli zake. Shughuli zote zikasimama. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Ati kuna mtu ndani?" na mwingine akajibu, "Si umesikia vile amesema," na duara likajifunga. Afisa akafungua mwenyewe. Kitu cha kwanza alichotoa kilikuwa shali, ya maua madogo, nyepesi, ambayo kwa kweli ni shali ya mtoto, niliinunua kwa sababu ni laini. Kisha akatoa chupa ya maji moto. Mama mmoja akasema "Yesu!" na kushika kichwa. Afisa akashika ule mkebe kwa mikono miwili, polepole, uso umembadilika, akainua mfuniko.

Akainamisha kichwa, akanusa.

"Hii ni tumbo," akasema.

Watu wakashusha pumzi, kisha, kwa kuwa walikuwa wameogopa bure, wakakasirika.

"Tumbo ya nini ndogo hivyo?"

"Punda hiyo! Tunalishwa punda!"

"Wewe, punda ana tumbo ya saizi ya kikombe? Hiyo ni ya paka!"

"Na ameificha na shali, mwone! Msichana mzuri hivi!"

Nikasema, kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa ya juu mno, kwamba si tumbo, ni anemoni, ni mnyama wa baharini aliye hai, mguu wake umechanika na ninampeleka wadi Parklands. Brayo akasogea pembeni kidogo, kama mtu asiyenijua.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza maswali ya kazi yake. Ina muhuri? Haina. Ina kibali? Haina. Imekaguliwa na nani? Na mimi. Wewe ni nani? Nikataja jina langu. Akasema sheria ni moja, kitu cha nyama kikipatikana kwenye sanduku la nyama bila muhuri kinaharibiwa, na akamwashiria mwenzake alete chupa. Ndani yake kulikuwa na dawa ya buluu, ile wanayoimwagia nyama iliyokataliwa ili isirudi sokoni. Mwenzake akafungua kifuniko.

Naomba mjiweke mahali pangu. Ukoo wote wa mnyama yule, miaka yote ya marehemu mume wa Auntie, ulikuwa ndani ya mkebe wa aiskrimu chini ya chupa ya dawa, na Auntie alikuwa anakuja kesho. Nikaufunika mkebe kwa kiganja.

"Yuko hai," nikasema.

"Nionyeshe."

"Ameogopa. Akiogopa hujikunja. Atafunguka akipata utulivu na kivuli."

"Sawa. Akifunguka, mwende. Asipofunguka, namwaga. Sina siku nzima."

Basi nikageuka, mimi ambaye dukani nikizidishiwa bei hulipa na kuondoka, nikawaambia watu wa Dagoretti Market: "Naomba msogee kidogo, mnizibie jua, na mnyamaze."

"Ati tunyamazie matumbo?" akauliza mmoja.

"Wewe nyamaza tuone!" akamjibu mwingine, na ajabu ni kwamba wakanyamaza. Sijui mmewahi kusimama katikati ya soko lililonyamaza. Wanaume wenye makoti yenye damu walisimama bega kwa bega kuweka kivuli. Mzee mmoja alivua kofia. Mimi nilipiga magoti kwenye lami nikaushikilia mkebe usitikisike, na anemoni akakaa vile vile, ngumi ya kijivu, bila kunisaidia hata kidogo.

Mama Atieno, anayeuza samaki kando ya barabara, ndiye aliyepenya na kipande cha samaki kwenye ncha ya kidole. "Mpe hii," akaninong'oneza. "Kama ametoka majini hatakataa."

Nikakiweka juu yake. Hakuna. Afisa akaangalia saa. Kisha kidole kimoja cha anemoni, kimoja tu, kikajisogeza, kikakigusa kile kipande, kikakishika. Nikasikia watu wakivuta pumzi. Na mimi nikainua uso kwa afisa, nikiwa nimeshaanza kutabasamu, na wakati huo huo anemoni akafungua mdomo akatoa ute mrefu wa kahawia, nyuzi kwa nyuzi, wenye harufu ambayo hata wauza matumbo, watu waliozoea, walirudi nyuma.

"Woi! Ametapika!"

"Ametapika samaki ya Mama Atieno!"

"Samaki yangu ni fresh!" Mama Atieno akapaza sauti. "Msiniharibie biashara!"

Afisa aliinama, akaangalia ule ute, akaangalia kile kidole kilichokuwa bado kimeng'ang'ania kipande. Akamwambia mwenzake afunge chupa.

"Nyama haitapiki," akasema. "Hii si yetu."

Ningekuwa na akili ningeondoka hapo hapo. Lakini simu yangu iliita, mikono yangu ilikuwa imeushika mkebe, na Brayo, ambaye sasa alikuwa amekumbuka kwamba ananijua, akaichomoa kwenye mfuko wa koti langu akaiweka kwenye spika, wote wasikie.

"Nyambura beta, umenipigia mara nyingi. Yeye hajambo?"

Soko bado lilikuwa kimya, likisikia ninavyoitwa beta, yaani mwanangu. Nikamweleza Auntie, kwa kifupi, mbele ya kila mtu.

"Ameingia pampu, halafu wewe umemtoa nje ya tanki?" Sauti ya mwalimu wa hesabu haihitaji kupandishwa. "Na uko naye wapi?"

"Barabarani, Auntie. Dagoretti. Ametapika."

"Hajatapika, amejisafisha tumbo. Akijikunja anajisafisha, akimaliza anajaza maji tena. Anemoni ameumia, unamwacha! Maji safi, mwanga kidogo, mikono mfukoni. Kila ukimbeba unamchana upya. Rudisha sasa hivi."

"Sawa, Auntie."

"Na pampu, sponji ilikuwa wapi?"

Nikajishughulisha na mkebe.

"Nyambura. Sponji?"

"Eeh, sponji ilikuwa wapi?" akauliza mwanamume mmoja mwenye panga, kwa shauku ya kweli.

"Niliivua," nikasema. "Ilikuwa na kijani. Nilitaka ukija Jumapili uikute safi."

Auntie akasema, taratibu, kila mtu akisikia hadi yule mzee wa kofia, "Beta, mimi nitoke Parklands nije kuangalia sponji?"

Hapo soko likalipuka. Walicheka wakashikana mabega, walicheka hadi afisa akageuka akajifanya anaandika kitu. Sikumbuki vizuri nilivyokata simu. Nakumbuka afisa akiniambia kwamba mnyama ni wangu lakini sanduku linabaki, kwa sababu sanduku la nyama hubeba nyama tu, na mwenyewe aje aongee. Nakumbuka nikirudi nyumbani kwa miguu, mkebe kifuani, nikipiga hatua ndogo ndogo, na watu wakinipisha njia na kuambizana, "Pisha, pisha, kuna mgonjwa."

Kwa Baba Ciru ilibidi niende mwenyewe.

"Uliniambia samaki," akasema.

"Nilifikiri ni karibu na samaki."

"Karibu na samaki," akarudia, huku akifungua aproni. Tulikwenda pamoja, akapewa onyo mbele yangu, akasimama ameinamisha kichwa kama mwanafunzi, mtu wa umri wa baba yangu, kwa kosa ambalo si lake. Hilo liliniuma kuliko kicheko. Sanduku tukarudishiwa, nikaliosha kwa maji moto na sabuni hadi akaja kuninyang'anya brashi. Nyama ya ruracio ilifika kwa kuchelewa, na wenye ruracio walimwambia maneno niliyostahili kuambiwa mimi.

Jumapili Auntie alikuja, na mkebe wa chevda, vile vitafunio vya Kihindi vyenye pilipili. Nilikuwa nimemrudisha anemoni kwenye tanki Jumamosi ile ile, mara nilipofika, nikairudisha sponji mdomoni mwa pampu, nikapunguza taa, na yeye akajiburuta hadi nyuma ya jiwe kubwa akatoweka kabisa. Auntie akaketi mbele ya tanki, akavaa miwani, akaangalia.

"Simwoni."

"Yuko nyuma ya jiwe."

"Leo umemwona?"

"Sijaangalia, Auntie."

Ilikuwa kweli, na sijui kama nitawahi kufanya jambo gumu kuliko hilo. Akaniangalia kidogo, kisha akasema, "Mume wangu pia alikuwa hivyo. Kila saa mkono ndani ya maji. Nilikuwa namfungia mlango." Akafuta miwani kwa pindo la sari, kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji, na tukanywa chai tukiangalia jiwe. Alipoondoka hakuniambia atapona. Alisema tu nimpigie, chochote kitakachokuwa.

Nilikaa wiki nyingi nikinusa maji kila asubuhi. Halafu siku moja nilikuwa nasonga ugali, nikageuka, nikamkuta ametoka. Amejaza maji, vidole vyote vimepanuka, samaki wamelala ndani. Mguu ulikuwa umeungana, na kovu lililokunjamana kama mshono wa fundi mwanafunzi, na mahali alipoamua kuung'ang'aniza ni kioo cha mbele, katikati kabisa, ili kila anayeingia chumbani aanze kuona kovu. Ndiyo sura mbaya kuliko zote ambayo tanki langu limewahi kuwa nayo. Nilipiga picha nikamtumia Auntie bila kuirekebisha, akajibu, "Anakula?" Nikajibu, "Anakula." Hakuandika tena kitu, ila alinipigia.

Sijamsogeza. Nimeapa, na ninyi ndio mashahidi wangu: kiumbe akiumia tena nyumbani kwangu, nitaangalia maji kama ni safi, nitakaa kwenye kiti, na nitasubiri aniombe msaada. Najua anemoni hana sauti. Kiti changu ni kizuri, na sina haraka.